Daraja la St. Louis na vibarua waliochimba chini ya mto

Msikilizaji, mji wa St. Louis, Marekani, uko kando ya mto Mississippi. Zamani mizigo yake ilisafiri kwa meli za mvuke. Reli zilipoenea, Chicago ikawavuta wafanyabiashara, huku treni za kutoka mashariki zikiishia ng'ambo ya mto. Mwaka 1867 mhandisi James Eads akaanza kujenga daraja.

Nguzo zilitakiwa kukaa juu ya mwamba, chini kabisa ya maji na mchanga. Vibarua walichimba ndani ya vyumba vilivyoshindiliwa hewa ili maji yasiingie. Walipopanda juu haraka, hewa iliyoyeyuka katika damu iligeuka mapovu. Viungo viliuma, wengine wakapooza, zaidi ya 10 wakafariki. Ndiyo maana wazamiaji wa leo hufundishwa kupanda polepole.

Juni 1874 tembo alivushwa, kwani watu waliamini hakanyagi daraja bovu. Daraja likafunguliwa Julai 4.

Kituo kikuu cha treni, Union Station, kilichofunguliwa 1894, leo ni hoteli. Daraja la Eads bado linavusha treni za abiria kila siku, juu ya nguzo zilizogharimu uhai wa vibarua.