Pesti au pedi: Namna ya kuchagua kipitisha joto cha kompyuta

Kompyuta inayojizima ghafla mara nyingi hudhaniwa kuwa imekufa, ilhali chanzo huweza kuwa utando mwembamba uliokauka kati ya kichakataji na kipoza joto chake. Suala hili linawagusa watoa huduma wa Mbezi Luis, Manispaa ya Ubungo, jijini Dar es Salaam, ambako Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilizinduliwa Februari 2021. Katika ofisi za tiketi na maduka ya steshenari ya eneo hilo, kompyuta ikizima, huduma kwa mwananchi husimama.

Kichakataji hutoa joto kila kinapofanya kazi. Joto hilo hupokelewa na kipande cha metali chenye mapezi, kisha feni hulipeperusha. Nyuso hizo mbili, hata zikionekana laini, huwa na mabonde madogo yanayohifadhi hewa, na hewa hupitisha joto kwa shida. Pesti na pedi huwekwa ili kuchukua nafasi ya hewa hiyo.

Tofauti kubwa ya bidhaa hizi ni unene. Pesti ikikandamizwa hubaki utando usiozidi sehemu ndogo ya milimita moja, wakati pedi nyingi zina unene wa kuanzia milimita 0.5 hadi 3. Kwa mfano, kichakataji cha wati 65 chenye eneo la mguso la sentimita 2 kwa 2 kikiwekewa pedi ya milimita 1, joto litatofautiana kwa takriban nyuzi 27 kati ya upande mmoja wa pedi na mwingine. Pesti yenye uwezo uleule wa kupitisha joto, ikiwa na unene wa milimita 0.05, huleta tofauti ya takriban nyuzi 1.4 tu. Katika miezi ya joto ya Dar es Salaam, nyuzi hizo zinatosha kukifanya kichakataji kipunguze kasi au kompyuta ijizime ili kujilinda.

Kwa sababu hiyo, pesti ndiyo inayofaa kwa kichakataji kinachobanwa moja kwa moja na kipoza joto. Pedi zina nafasi yake pale penye uwazi, hususan juu ya chipu za kumbukumbu na vidhibiti vya umeme. Fundi anapobadilisha pedi hana budi kurudishia unene uleule: ikiwa nyembamba haitagusa, na ikiwa nene itainua kipoza joto na kukiacha kichakataji bila mguso. Aidha, pesti haipaswi kutumika kujaza uwazi wa pedi.

Wananchi wanaopeleka kompyuta kwa fundi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

• Kunakili kumbukumbu muhimu kabla ya matengenezo.

• Kuhakikisha pesti ya zamani inafutwa yote kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi, na vumbi la feni linaondolewa.

• Kuweka pesti kiasi cha punje ya harage dogo kwa kichakataji cha kawaida cha kompyuta ya mezani. Kuongeza zaidi hakuongezi upoaji.

• Kuepuka metali ya kimiminika iwapo kipoza joto ni cha alumini, kwa kuwa huila metali hiyo. Pia hupitisha umeme na huweza kuunguza saketi.

• Kudai risiti ya kielektroniki na kukagua muhuri wa kifungashio.

Baada ya matengenezo, mteja anapaswa kuomba kompyuta iwashwe na kupewa kazi nzito kwa takriban dakika 20 huku kiwango cha joto kikisomwa kwenye skrini. Kikikaribia nyuzi 100, kipoza joto kifunguliwe na kukaguliwa upya kabla ya malipo kukamilishwa.