UMEFUNGA NYAMA, NA KINYONGO JE?

Nabangaiza hapa Wete, kisiwani Pemba. Kama hujawahi kufika huku nikuweke sawa kwanza. Kisiwa hiki kina watu zaidi ya laki tano kwa sensa ya 2022, na karibu wote ni Waislamu. Sie Wakristo ni wa kuhesabika, wengi ni watu wa kuja: walimu, askari, manesi, wachuuzi. Jumapili usipoonekana kanisani, ujue wamekuona!

Sasa kuna jambo la Kwaresima ambalo hunichekesha. Kanisa Katoliki linatutaka tusile nyama siku za Ijumaa. Dar es Salaam hiyo ni adhabu, kijana anapita kwenye mishikaki anameza mate. Lakini Pemba? Kwa sie wenye mfuko mwepesi, chakula cha kila siku ni samaki. Ijumaa unateremsha changu wa kukaanga au pweza wa nazi mpaka unalegeza mkanda, halafu unasema umejinyima. Nani anadanganywa hapo?

Na kufunga chakula hasa ni siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59. Jirani zetu wanafunga mwezi mzima, hata tone la maji hawagusi mchana. Mwaka 2025 Majivu yaliangukia Machi 5, Ramadhani ikiwa imeanza siku chache tu. Mwaka 2026 ndiyo zikagongana kabisa, wiki moja! Ukiwa Pemba wakati kama huo, unaona aibu kutangaza kwamba na wewe umefunga.

Kisa chenyewe ni cha hiyo 2025. Nilikuwa nakaa chumba kimoja na mshikaji wangu, naye wa bara. Mwezi Januari alinikopa elfu sitini za nauli, kwamba mama yake anaumwa. Akaenda. Aliporudi Februari, mkononi ana simu ya maana kuliko yangu! Damu ikanichemka. Sikumpa hata pole ya safari, neno langu la kwanza lilikuwa: "Hela yangu iko wapi?" Hakujibu. Basi tukachuniana wiki tatu, chumba kimoja, taa moja. Usiku napiga goti nasali, nimemgeuzia mgongo.

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima nikaenda Njia ya Msalaba. Vituo vyote 14 nilisali kwa uchungu kwelikweli. Nikawaombea wagonjwa, wafungwa, na wale waliokimbia vita Goma. Nilipotoka nje nikajiuliza, mbona wote niliowaombea siwajui? Hakuna hata mmoja ninayemdai. Padri alishatukumbusha ile sura ya tano ya Mathayo, kwamba mwenye ugomvi na ndugu yake aiache kwanza sadaka yake akapatane. Mimi sadaka nilikuwa nimeshatumbukiza kapuni, tena noti.

Nitoke kidogo nje ya mada. Hapa Pemba kuna mahali panaitwa Banani. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alipofuta utumwa kisheria, walikuja Wakristo wa Uingereza waitwao Marafiki, yaani Quaker, akiwemo Theodore Burtt. Walinunua shamba la karafuu hapo Banani, wakawapa kazi ya mshahara watu waliokuwa watumwa. Na hao Marafiki kwa desturi yao Kwaresima wala hawaishiki! Sijui tuseme nini sie wa kupakwa majivu.

Turudi chumbani. Jioni ileile mtoto akabisha hodi. Bi, mama mwenye nyumba ya jirani, ametuletea futari. Mhogo wa nazi, tambi, samaki, uji wa pilipili manga vikombe viwili. Lakini sinia moja. "Bi kasema mle kungali moto," mtoto akasema, akatimua mbio.

Tukatazamana kama majogoo. Njaa ikashinda. Tukakaa chini, huyu huku na yule kule, mikono inakutana sinianin humo bila neno. Mwisho mwenzangu akanisogezea mnofu wa samaki upande wangu. Nikashindwa kumeza. Nikamuuliza, "Mama anaendeleaje?"

Akanyamaza kidogo. "Wamemkata mguu. Kisukari." Na simu? Ni ya mama, alimpa aiuze ili apate hela ya dawa, kila akitaka kuiuza roho inamsuta. Wiki tatu nalala naye chumba kimoja, sijui!

Usiku ule nilisali sala fupi kuliko zote za Kwaresima ile, ya watu wawili tu, kwa majina yao. Sikuweza kuendelea zaidi.

Msidhani nimekuwa malaika, hela yangu naitaka. Amenilipa elfu ishirini, arobaini bado. Simu aliiuza kabla ya Pasaka, mwenyewe nilimtafutia mteja.

Sinia la Bi tulilirudisha asubuhi yake, tumeweka nazi tatu, maana huku chombo cha watu hakirudi kitupu. Akatugombeza. "Wanangu, nani kawaambieni mhangaike?" Nazi akazipokea, na jioni mtoto akaja tena kubisha hodi.