Kodi ya Damu: Lugha na Kisasi katika Filamu ya Shurayuki-hime

Filamu ya mapigano hudhaniwa na wengi kuwa ni utanzu ambamo lugha haina kazi kubwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume cha dhana hiyo kwa kuichunguza filamu moja ya Kijapani, Shurayuki-hime, iliyoongozwa na Fujita Toshiya mwaka 1973, na ambayo nchi za ng'ambo huijua kwa jina la Lady Snowblood. Filamu hiyo ilitokana na hadithi ya picha iliyotungwa na Koike Kazuo na kuchorwa na Kamimura Kazuo. Hoja yetu ni kwamba chanzo cha damu yote imwagikayo humo ni istiari moja ya kiserikali, iliyotafsiriwa kutoka lugha ya kigeni na kufikishwa kwa wananchi bila kufafanuliwa.

Tuanze na jina lenyewe. Katika Kijapani, yuki ni theluji, na hime ni binti wa mfalme. Shirayuki-hime, yaani binti wa theluji nyeupe, ni jina la Kijapani la ile ngano mashuhuri ya ndugu Grimm. Mtunzi amebadili irabu moja tu, i ikawa u, na shira, yenye maana ya weupe, ikawa shura. Neno hili la pili asili yake ni asura la Kisanskriti. Nalo katika mafundisho ya Kibudha hutaja ulimwengu wa viumbe wanaopigana daima pasipo kupumzika. (Lisichanganywe na shura la Kiarabu, lenye maana ya ushauri.) Hivyo, kwa irabu moja, binti wa ngano za watoto amegeuzwa kuwa binti wa mauaji.

Binti huyo ni Yuki, aliyeigizwa na Kaji Meiko. Alizaliwa gerezani mwaka 1874, usiku wa theluji. Kabla ya hapo mama yake, Sayo, alikuwa ameshuhudia mumewe na mwanawe wa kiume wakiuawa na genge la wahalifu wanne, wanaume watatu na mwanamke mmoja. Alimuua mmoja wa wanne hao, akafungwa maisha. Alipotambua kwamba hatatoka tena, alijitoa kwa askari wa gereza ili apate mtoto atakayeimaliza kazi hiyo. Akafa baada ya kujifungua. Yuki akalelewa na mtawa mmoja aliyemfunza upanga kwa ukatili mkubwa, na alipofika umri wa miaka 20 akaanza kuwasaka watatu waliosalia, upanga wake ukiwa umefichwa katika mpini wa mwavuli. Hata pale anapoua kwa niaba ya mtu mwingine, ujira wake si fedha bali ni habari za maadui zake.

Je, mume wa Sayo aliuawa kwa kosa gani? Hapa ndipo yatupasa kurudi katika historia. Mwishoni mwa mwaka 1872 serikali ya Meiji ilitoa tangazo kuhusu utumishi wa lazima wa jeshi, na sheria yenyewe ikafuata Januari 1873. Tangazo lilieleza kwamba watu wa Magharibi huuita wajibu huo ketsuzei, yaani kodi ya damu. Hiyo ilikuwa tafsiri ya msemo wa Kifaransa, ambao Mfaransa aliusikia kama istiari ya kawaida: raia huilipa nchi yake kwa uhai wake. Mkulima wa Kijapani hakuwa na istiari hiyo. Alijua kodi, alijua damu, na alipoyasikia maneno hayo mawili pamoja akayaelewa kama yalivyotamkwa. Uvumi ukaenea kwamba serikali itawakamua vijana damu. Mwaka huo wa 1873 zikazuka ghasia katika sehemu kadhaa za nchi, mojawapo ikiwa Mimasaka, iliyo leo katika mkoa wa Okayama. Si haki kusema kwamba tafsiri peke yake ilizusha ghasia hizo, kwani wakulima walikuwa na malalamiko mengine mengi. Lakini tafsiri ndiyo iliyoyapa malalamiko hayo sura ya kutisha.

Sheria hiyo iliruhusu pia mtu asamehewe utumishi kwa kulipa yen 270, kiasi ambacho maskini hakuweza kukiota. Wahalifu wa filamu yetu waliishi katika mwanya huo kati ya neno na maana yake. Waliwachangisha wanakijiji fedha kwa ahadi ya kuwaokolea vijana wao, kisha wakaeneza habari kwamba watu wenye mavazi meupe ni mawakala wa serikali. Mume wa Sayo alikuwa mwalimu anayekwenda kushika kazi mpya, naye alivaa nguo nyeupe. Hilo lilitosha kumuua.

Msomaji wa Afrika Mashariki hataliona jambo hili kuwa geni. Neno mumiani, ambalo awali lilitaja dawa nyeusi mfano wa lami, lilikuja kubeba hofu ya watu wanyonyao damu. Na zama za ukoloni, katika miji kama Nairobi na Kampala, hata wazima moto walishukiwa kuifanya kazi hiyo. Kwa upande mwingine, kodi ya kichwa, ingawa ilichukiwa, ilieleweka, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa tayari kikihesabu watu kwa vichwa. Tofauti basi si ukali wa picha, bali ni kama msikilizaji anao ufunguo wake katika lugha yake mwenyewe.

Lugha haikomei kwenye chanzo. Yuki hakuyaona mauaji yale. Anayajua kwa kusimuliwa, nacho kisasi amekirithi kama mtoto arithivyo lugha ya mama. Baadaye mwandishi mmoja, Ashio Ryurei, anaichapisha hadithi yake gazetini, na maandishi hayo yanamtoa adui mafichoni. Tena adui wa kwanza aliyemuua, Banzo, aliacha binti aitwaye Kobue. Ni binti huyu anayekuja kumchoma kisu Yuki mwishoni, akitumia sarufi ileile aliyofunzwa Yuki: aliyemuua mzazi wangu hana budi kufa. Quentin Tarantino, aliyeuingiza wimbo wa filamu hii katika Kill Bill ya mwaka 2003, alilihifadhi wazo hilo pale mtoto mdogo anaposimama akiutazama mwili wa mama yake aliyeuawa.

Wengi wetu katika idara za lugha huombwa kutafsiri sheria, matangazo ya afya na fomu za serikali. Mara nyingi hukabidhiwa istiari za lugha nyingine na kuambiwa tupate neno lake la Kiswahili kabla ya jioni. Aliyeandika ketsuzei hakukosea kamusi. Kila silabi ilikuwa sahihi. Alichokosa ni kumuuliza mkulima mmoja alivyoielewa. Ni vema nasi, kabla ya kuidhinisha tafsiri yoyote itakayosomwa hadharani, tumsomee mtu atakayehukumiwa nayo, kisha tumwombe atueleze alichosikia.