Bluetooth haikule mega zako

Wandugu, kila mara naona mwanafunzi anamaliza mega zake juu ya kutuma silabusi kwa WhatsApp, na mwenye kuipokea ameketi pembeni yake, benchi moja! Faili inapanda mpaka kwenye mashine za mbali kisha inashuka tena, na wote wawili wanalipa. Bluetooth ingeipitisha bule.

Ni redio ndogo tu ndani ya simu. Inatumia masafa ya gigahezi 2.4, kwa kawaida mpaka mita 10 hivi, na inaruka toka njia moja mpaka ingine mara 1,600 kwa sekunde, ili simu nyingi zilizo katika chumba kimoja zisivurugane. (Jina ni la Harald, mfalme wa zamani wa Denmark. Kampuni ya Ericsson ya Sweden ndiyo ilianza kazi hii katika miaka ya 1990.)

Shida yake ni mwendo. PDF ya mega 4 inapita kwa sekunde 20 hivi, lakini filamu ya mega 700 inaweza kukula karibu saa nzima. Kwa mizigo kama hiyo mimi natumia Quick Share: Bluetooth inatafuta simu ya mwenzako, halafu Wi-Fi ya simu zenyewe inabeba faili, na mega hazikatwe. Mwenye iPhone asijisumbue, haitume faili kwa Android kupitia Bluetooth.

Na ukiwa sokoni ao ndani ya basi, ombi la kuunganishwa likitoka kwa simu usiyoijua, kataa. Hata na mwenzako, mulinganishe kwanza namba zinazoonekana kwenye simu zote mbili.