CD zako za muziki zihamie wapi?

Mbwawa, kama kwingineko Kibaha, deki nyingi siku hizi ni mahali pa kuwekea rimoti. CD bado zipo: dansi, taarabu, kwaya. Nyingine ni za kiwandani, nyingine zilichomwa mitaani. Lakini kompyuta mpya huja bila sehemu ya kusomea CD, na wasikilizaji wetu wanauliza wanunue mtambo gani. Kwa maoni yetu, mtambo uje mwisho.

Tuanze na CD yenyewe. CD ya kiwandani hubeba sampuli 44,100 za sauti kila sekunde, hivyo dakika 74 za muziki ni karibu MB 780. Ukiinakili kwa mfumo wa FLAC, ukubwa hushuka hadi nusu au zaidi kidogo, na sauti haipotei hata chembe. MP3 hubana zaidi, ila hutupa sehemu ya sauti ambayo hairudi tena. Tunashauri FLAC: CD 200 zitaenea kwenye diski ya GB 250. Ukitaka MP3 za simu, utazitoa humo baadaye.

CD za kuchoma zenye nyimbo mia moja na zaidi ni jambo jingine. Hizo tayari ni MP3. Nakili faili kama zilivyo, maana kuzigeuza FLAC ni kumimina chai ya jana kwenye chupa mpya. Ila anza nazo, kwa sababu rangi inayobeba muziki humo huharibiwa na joto na mwanga. Iliyokaa juu ya dashibodi ya gari itangulie.

Kwa CD zenye mikwaruzo, programu ya Exact Audio Copy husoma mahali pabovu mara kadhaa na kulinganisha majibu. Inachosha, lakini inasaidia.

Kazi ngumu hasa ni majina. Hazina za mtandaoni kama MusicBrainz hazina CD zetu nyingi, kwa hiyo utaandika mwenyewe. Bendi iliyoanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Usipojiwekea kanuni, nyimbo zake zitatawanyika mafungu manne. Sisi tungeandika jina la wakati wa kurekodi, na Msondo kama fungu kuu.

Sasa mtambo. Msikilizaji mmoja mwenye sabufa anatosheka na flashi. Nyumba nzima ikitaka kusikiliza kwa simu, weka programu ya Navidrome kwenye kompyuta mpakato ya zamani na uiunganishe na ruta. Ndani ya nyumba hakuna bando linalotumika. Raspberry Pi hula umeme kidogo zaidi, lakini mpakato ina betri yake, na umeme ukikatika ghafla faili haziharibiki.

Nakala ya pili ikae kwenye diski nyingine, nyumba nyingine. Kuziuza au kuzisambaza ni suala la Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na huhitaji ruhusa ya wenye kazi.

CD zenyewe usizitupe. Mara nyingi majina ya wapiga magitaa yamo kwenye kile kikaratasi cha ndani tu.