Blokucheni na Kumbukumbu za Afya: Kasi au Mtawanyo wa Mamlaka?

Daftari la dawa likiwa mikononi mwa mtunzaji mmoja, mwenye nia mbaya anaweza kubadili idadi ya dawa zilizopokelewa bila wengine kujua. Blokucheni ni daftari la kielektroniki linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Kila fungu la kumbukumbu hubeba alama ya fungu lililotangulia. Hivyo, anayebadili ingizo moja huvuruga mafungu yote yanayofuata, na watunzaji wengine hubaini.

Ulinzi huo una gharama. Vitalik Buterin, mmoja wa waasisi wa mtandao wa Ethereum, alieleza kuwa ni vigumu kupata kwa pamoja mambo matatu: mtawanyo wa mamlaka, usalama, na uwezo wa kuhudumia watumiaji wengi. Kompyuta zote zikilazimika kuhakiki kila muamala, kuongeza idadi yake hakuongezi kasi ya mtandao.

Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009, huongeza fungu jipya kila baada ya dakika 10 kwa wastani, na hupitisha miamala takriban 7 kwa sekunde. Ufinyu huo umekusudiwa: kompyuta ya kawaida inaweza kutunza nakala kamili, hivyo watunzaji ni wengi. Ethereum, iliyoanza mwaka 2015, hutoa fungu kila sekunde 12. Septemba 2022 ilibadili njia yake ya uhakiki na kupunguza matumizi ya umeme kwa zaidi ya asilimia 99, lakini kasi yake haikuongezeka sana.

Solana huweza kupitisha maelfu ya miamala kwa sekunde. Hata hivyo, huhitaji kompyuta zenye nguvu na za gharama kubwa, jambo linalopunguza idadi ya wanaoweza kushiriki. Februari 2024 mtandao huo ulisimama kwa takriban saa 5. Aina nyingine, kama Hyperledger Fabric, huruhusu wanachama wanaofahamika pekee. Kasi hupatikana, ila imani hurudi kwa wachache.

Kwa sekta ya afya, basi, kasi pekee si kipimo cha kutosha. Taasisi zinazofahamiana, kama vile hospitali, bohari na mamlaka ya dawa, zinaweza kutosheka na mtandao wa wanachama, mradi hakuna mmoja anayeweza kubadili daftari peke yake. Aidha, taarifa za mgonjwa hazipaswi kuandikwa katika mnyororo wenyewe, kwa kuwa kilichoandikwa humo hakifutiki kwa urahisi. Nchini Estonia, teknolojia ya aina hii hutumika kulinda uadilifu wa kumbukumbu za afya, huku taarifa zenyewe zikibaki nje ya mnyororo.

Ikumbukwe pia kuwa blokucheni huhifadhi uongo kwa uaminifu uleule inaohifadhi ukweli. Dawa bandia ikisajiliwa kuwa halali siku ya kwanza, hakuna mtandao, uwe wa kasi au wa polepole, utakaoigundua. Ukaguzi wa mwanzo bado ni kazi ya binadamu.