Garimoshi lililopasua hewa na friji isiyokwenda popote

ALFAJIRI ya Mei 26, 1934, garimoshi la rangi ya fedha liling'oa nanga mjini Denver, Marekani, na kuwasili Chicago jioni ya siku hiyo hiyo. Lilikuwa limesafiri kilomita 1,633 kwa saa 13 na dakika tano bila kutua popote. Liliitwa Zephyr, na miongoni mwa abiria wake alikuwemo punda.

Siri yake ilikuwa injini ya dizeli, mwili mwepesi wa chuma kisichoshika kutu, na umbo. Garimoshi lenye uso bapa huisukuma hewa kama ukuta, kisha huacha nyuma yake msukosuko unaolivuta lirudi. Kasi ikiongezeka maradufu, upinzani huo huwa mara nne. Kwa hivyo, gari linalojikokota halinufaiki sana na pua iliyochongoka, lakini linaloenda mbio hunufaika mno.

Nchini Uingereza, mhandisi Nigel Gresley alilifunika garimoshi la mvuke, Mallard, kwa mabati yaliyopinda. Mnamo Julai 3, 1938, lilitimua mbio za kilomita 203 kwa saa, rekodi ya mvuke ambayo haijavunjwa. Hata hivyo, urembo una gharama. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, magarimoshi ya aina hiyo yalivuliwa mabati yaliyositiri magurudumu ili mafundi wayafikie kwa urahisi.

Umbo hilo halikubaki relini. Uchumi wa dunia ulikuwa umedorora na viwanda vilitafuta kila mbinu ya kumvutia mnunuzi. Raymond Loewy, mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Marekani, aliibuni upya friji ya Coldspot iliyouzwa na kampuni ya Sears. Mnamo 1933 alikuwa amebuni hata kichongeo cha penseli chenye umbo la tone la maji, ingawa hakikuwahi kuingia sokoni. Wakosoaji walicheka, na si bila sababu: kichongeo kilichokazwa mezani kina haraka gani?

Lakini kejeli hiyo haikutenda haki kikamilifu. Bati linalokandamizwa kwa mashine hupasuka upesi kwenye kona kali, nayo plastiki ya bakelaiti hutoka vyema katika kalibu yenye kingo za mviringo. Isitoshe, uchafu haujifichi palipo laini. Ndiyo maana pasi, redio na friji ziliendelea kuwa na mapindo hayo hata baada ya mtindo wenyewe kuchujuka.

Kwenye reli, hewa haidanganyiki. Nchini Japani, garimoshi liendalo kasi lilipoingia katika handaki, lilibana hewa iliyolipuka kwa kishindo upande wa pili, na wakazi wakalalamika. Mhandisi Eiji Nakatsu, mpenzi wa ndege, alimkumbuka mdiria, anayechupa majini bila kurusha maji mengi. Shinkansen ya 500, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1997, ilipewa pua ya mita 15 iliyoiga mdomo wa ndege huyo.